Tope la choo kuwa mbolea: tope kavu, mboji, samadi ya funza au choo cha majivu, ipi ikufae?

Bei ya mbolea za dukani ikipanda tu watu wanaanza kuulizana kuhusu tope la chooni, na swali linakuwa lilelile, je lina nguvu kama DAP, ile mbolea ya dukani ya kupandia? Mi naona hilo tuliweke pembeni kwanza. Tope lililotoka kwa binadamu lina rutuba, hilo halina ubishi, wazee wengi walishaona mgomba uliopandwa kwenye shimo la choo cha zamani unavyozaa mikungu mizito. La kuuliza kabla hujatoa hela yako ni mambo mawili: hilo tope limepitia nini mpaka likaitwa mbolea, na wewe unataka kulimwagia zao gani. Ukishayajibu hayo uchaguzi wenyewe unakuwa mwepesi.

Nitalinganisha njia nne, maana ndizo ambazo mkulima wa huku kwetu anaweza kuzipata au kuzitengeneza kweli.

Ya kwanza ni tope kavu. Hili linatoka kwenye mabwawa ya majitaka au kwenye magari ya kunyonya vyoo, linamwagwa kwenye mabeseni makubwa ya zege yenye mchanga na kokoto chini, maji yanachuja, jua linamalizia kazi, baada ya wiki kadhaa linapasukapasuka na kuwa mabamba meusi yanayokwanguliwa kwa koleo. Kampala wanafanya hivi pale Lubigi, mtambo uliofunguliwa 2014, magari ya kunyonya yanashusha pale na tope likishakauka wakulima wanalinunua. Ya pili ni mboji ya mchanganyiko, yaani tope hilohilo linachanganywa na taka za sokoni, maranda, pumba, majani makavu, linarundikwa mpaka linachemka lenyewe. Ghana wanatengeneza mbolea inaitwa Fortifer kwa njia hii, na Haiti shirika la SOIL limekuwa likifanya hivyo kwa miaka mingi na vinyesi vya vyoo vya ndoo za mijini. Ya tatu ni samadi ya funza, wale funza wa BSF, nzi askari mweusi, wanakula kinyesi pamoja na taka za jikoni, wakinenepa wanakuwa chakula cha kuku na samaki, na kile kinachobaki chini ndiyo mbolea. Kampuni ya Sanergy ya Nairobi, wale wa vyoo vya Fresh Life vilivyoanza mtaa wa Mukuru mwaka 2011, wametumia funza hao kwenye kazi yao na mbolea yao wakaiita Evergrow. Ya nne ni choo chako mwenyewe, aidha kile cha ikosani kinachotenganisha mkojo na kinyesi na unamwaga majivu badala ya maji, au kile cha shimo fupi ambacho kikijaa unapanda mti juu yake.

Kuna na wanaotengeneza makaa, kama kampuni ya Sanivation pale Naivasha, Kenya, tope linakaushwa, linachanganywa na vitu vingine linakuwa vipande vya kuchomea, ila hiyo ni mada nyingine, hapa tunataka kiende shambani.

Minyoo kwanza, rutuba baadaye

Bakteria wa kipindupindu na wa homa ya matumbo wanatisha lakini wakikaushwa na kukaa nje muda mrefu wengi hawadumu. Anayetusumbua ni yai la mnyoo, hasa askaris, ile minyoo mirefu ya mviringo. Yai lake lina ganda gumu ajabu, linaweza kukaa kwenye udongo miaka likisubiri kiganja cha mtoto anayecheza au jani la mchicha lililooshwa harakaharaka. Ndiyo maana wataalamu wanalitumia kama kipimo, hili likifa basi vijidudu vingine karibu vyote vimeshatangulia. WHO, Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wao wa 2006 wanataka tope la kwenda shambani liwe na chini ya yai 1 kwa kila gramu ya tope kavu, na bakteria wa E. koli chini ya 1,000 kwa gramu.

Yai hilo linauawa na joto, au muda, au ukali wa majivu na chokaa. Kwa upande wa joto Wamarekani tangu 1993 wana kipimo kinachoeleweka, nyuzijoto 55 kwa siku 3 kama ni ndani ya chombo kilichofungwa, au nyuzijoto 55 kwa siku 15 kama ni rundo la nje na ndani ya hizo siku 15 liwe limegeuzwa angalau mara 5. Kama hakuna joto unabaki na muda, WHO wanasema zaidi ya mwaka mmoja kwenye maeneo ya joto la nyuzi 20 mpaka 35, na mwaka mmoja na nusu mpaka miwili kwenye baridi, kwa hiyo mtu wa Makete au Limuru asihesabu kama mtu wa Tanga. Na kama unatumia majivu au chokaa, pH, yaani kile kipimo cha tindikali na ukali wa chokaa, ivuke 9 na ikae huko zaidi ya miezi 6.

Sasa ukiziweka zote nne kwenye hicho kipimo, picha inajitokeza vizuri sana.

Tope kavu ndilo linalodanganya watu wengi. Unaliona limekauka, halinuki sana, linavunjika mkononi, unasema hili limekufa. Jua linakausha ila halipiki. Lile beseni la kukaushia ndani yake halifiki joto la kuua mayai, tena kwenye mabwawa ya majitaka mayai ya minyoo huzama chini na kutulia kwenye tope, ndiyo sababu maji yanayotoka mwisho yanakuwa hayana mayai, yote yamebaki kule chini ambako wewe unaenda kununua. Kwa hiyo tope kavu la wiki chache ni tope bichi lililokauka, basi. Likishakaa limefunikwa mwaka na zaidi ndiyo tunaanza kuongea lugha nyingine.

Na kuna alama moja ambayo haihitaji maabara. Ukienda kwenye mtambo wowote wa kukaushia tope angalia kingo za yale mabeseni, utakuta miche ya nyanya imeota yenyewe, minene, kijani kibichi cha kuiva. Mbegu za nyanya zinapita tumboni kwa mtu zikiwa nzima, zinapita chooni, zinapita kwenye gari, zinafika pale zinaota. Mbegu ya nyanya inakufa kwenye mboji iliyochemka sawasawa. Kwa hiyo ukinunua gunia la "mbolea ya tope", chukua makopo mawili matatu, mwagilia, weka pembeni wiki mbili, nyanya zikiota ujue hilo gunia halijawahi kuona joto la maana hata kama muuzaji anaapa. Zisipoota bado haimaanishi ni salama, labda hapakuwa na mbegu tu, ila zikiota umeshapata jibu.

Mboji ya mchanganyiko hapa ndiyo inaongoza, kwa sharti moja, iwe imechemka kweli na imegeuzwa. Rundo lenye kimo cha mita moja au zaidi na upana wa mita moja na nusu hivi, likipata hewa na unyevu, ndani linafika nyuzijoto 55 mpaka 65 ndani ya siku chache. Kama huna kipimajoto chukua nondo, ichomeke mpaka katikati ya rundo, iache kama dakika kumi, ichomoe uishike pale ilipokuwa ndani, kama unaweza kuishika ukaendelea kuongea na mtu rundo lako bado, kama unaiachia haraka mko vizuri. Ila nje ya rundo, zile sentimita kumi na tano za juu na za pembeni, hazichemki kamwe, na mayai yaliyoko pale yanaishi raha mustarehe, ndiyo maana kugeuza ni lazima, ya nje yaingie ndani na ya ndani yatoke. Mtu anayekuuzia mboji na hajawahi kuigeuza anakuuzia nusu mboji nusu tope.

Samadi ya funza ina sifa nyingi ila kwenye minyoo inafeli, na hili halisemwi vya kutosha na wanaouza mafunzo ya ufugaji wa funza. Wale funza wanapunguza sana bakteria wa salmonela, hilo limeonekana kwenye tafiti, lakini mayai ya askaris yanapita salama. Kwa hiyo kama funza walilishwa kinyesi cha binadamu, samadi yao lazima ipite tena kwenye joto, ipikwe kama mboji au kwa mvuke, kabla haijaenda kwenye bustani. Kama walilishwa taka za sokoni peke yake hiyo ni habari nyingine. Muulize muuzaji alilisha nini.

Choo cha majivu kinategemea nidhamu ya nyumba. Kile chenye vyumba viwili ndicho kizuri, unajaza kimoja, kikijaa unakifunga, unahamia cha pili, na kile cha kwanza hukigusi mpaka mwaka upite. Kila anayetoka anamwaga kikombe cha majivu. Majivu yanakausha na yanapandisha pH, vyote viwili vinaua. Tatizo linakuja wageni wakija, au majivu yakiisha mtu anamwaga mchanga, au mkojo unaingia upande wa kinyesi panakuwa tope, hapo mahesabu yote ya mwaka mmoja yanaharibika na unaongeza muda.

Rutuba: hesabu ya gunia kwa gunia

Hapa watu wanapenda kutiana moyo kupita kiasi kwa hiyo tuweke namba. Tope kavu huwa na nitrojeni kama asilimia 2 mpaka 5, fosforasi asilimia 1 mpaka 3, na potasiamu kidogo sana, chini ya asilimia 1, kwa sababu potasiamu inayeyuka inaondoka na maji. Chukua asilimia 3 ya nitrojeni, gunia la kilo 50 lina kilo 1.5. Urea ina asilimia 46, mfuko wa kilo 50 una kilo 23. Yaani mfuko mmoja wa urea ni sawa na magunia 15 ya tope kavu kwa nitrojeni, na hata hiyo nitrojeni ya tope haitoki yote msimu wa kwanza, sehemu kubwa imefungwa kwenye mabaki inaachiwa taratibu, mahindi yako yatapata kama theluthi hivi mwaka huu, nyingine inakuja baadaye.

Mboji iko chini zaidi, asilimia 1 mpaka 2 ya nitrojeni, maana umechanganya na maranda na taka na nyingine imeruka hewani kama amonia wakati rundo linachemka, ile harufu inayochoma pua ukigeuza ndiyo hela yako inaondoka. Samadi ya funza inategemea sana walikula nini. Kwa hiyo kwa nitrojeni tupu tope kavu linaishinda mboji, lakini mboji inakupa kitu ambacho urea haikupi kabisa, inashika maji, inafanya udongo wa kichanga usimame, na kwa watu wa pwani wenye mchanga unaopitisha kila kitu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko ile asilimia ya kwenye mfuko.

Bingwa halisi wa rutuba ni mkojo, na watu wanaumwaga. Mtu mzima mmoja kwa mwaka anatoa kama lita 500, ndani yake kuna nitrojeni kama kilo 4, ambayo inatosha kulisha kama mita za mraba 300 mpaka 400 za mahindi kwa msimu mmoja. Kwenye choo cha ikosani unauvuna kwenye dumu lenye mfuniko, usiache wazi maana nitrojeni inaruka, na usichanganye na majivu kwa sababu hiyohiyo. Kama ni mkojo wa familia yenu na mnakula wenyewe, tumieni tu, mradi uache mwezi mmoja kati ya siku ya mwisho ya kuweka na siku ya kuvuna. Kama umekusanywa kwa watu wengi, hifadhi miezi 6. Unachanganya sehemu moja na maji sehemu tatu mpaka tano, unamwaga kwenye mfereji pembeni ya shina, unafukia, usimwagie majani. Mi kwa mwenye bustani nyuma ya nyumba naona hakuna njia ya bei rahisi kuliko hii.

Kuhusu potasiamu, kwa zote hizi, migomba na viazi vitalia njaa ukitegemea tope peke yake. Majivu ya kuni yana potasiamu, weka majivu shambani kwa wakati wake, ukiwa hujayachanganya na mbolea yenye amonia.

Jasho, muda na nauli

Tope kavu kwa bei ndilo rahisi kuliko zote, mahali pengine unalipia upakiaji na usafiri basi. Lakini rudi kwenye ile hesabu ya magunia 15, ukishaanza kulibeba kwa fuso kilomita 80 nauli inameza faida yote. Tope kavu ni la mtu aliye karibu na mtambo. Tena kama limetoka vyoo vya shimo lina takataka za kila aina, mifuko ya plastiki, pedi, vitambaa, vipande vya chupa, hata nyembe, kwa hiyo lazima lichekechwe, na anayechekecha avae glavu nzito na buti, sio kandambili.

Mboji inataka eneo, watu wa kugeuza na taka za kuchanganyia. Tope la choo lina nitrojeni nyingi na kaboni kidogo, ukilirundika peke yake halichemki vizuri, linanuka na linakuwa uji. Kipimo kinachotumika sana, na ndicho walichotumia kwenye zile kazi za Ghana, ni ujazo mmoja wa tope lililochujwa maji kwa ujazo mitatu wa taka za mimea. Unyevu uwe hivi, unashika konzi unakamua kwa nguvu, yatoke matone mawili matatu, yakichuruzika ni maji mengi, yasipotoka kabisa mwagilia. Miezi miwili mpaka mitatu unakuwa na mboji. Kikundi cha watu kumi karibu na soko kinaweza kuifanya vizuri sana, mtu mmoja mwenye kazi nyingine atachoka wiki ya tatu na rundo litapoa.

Funza kwa mtu wa kawaida ni mradi wa pesa. Unahitaji chumba cha nzi kutagia, mayai, joto la kutosha, ratiba ya kulisha kila siku, na ndani ya wiki kama mbili funza wako tayari. Faida yake kubwa inatoka kwenye funza wenyewe kama chakula cha kuku na samaki, mbolea ni ya pembeni. Kwa hiyo ukiwa na kuku wengi au mabwawa ya sato fikiria, ila ukiwa unatafuta mbolea tu usiingie huko, na kama ukiingia walishe taka za sokoni na za hoteli, achana na kinyesi cha binadamu mpaka uwe na uwezo wa kuipika ile samadi.

Choo cha shimo fupi cha kupanda mti kimesambazwa sana na Peter Morgan wa Zimbabwe, na kwa kijijini mi nakipenda kuliko vyote. Shimo la mita moja hivi, mfuniko mwepesi na kibanda kinachohamishika, kila siku unatupia udongo, majivu na majani makavu, baada ya miezi 6 mpaka 12 limejaa, unahamisha kibanda, unafunika na udongo mzuri, unapanda mgomba, mpapai, mwembe au mparachichi juu. Hakuna anayegusa kinyesi, hakuna kupakua, hakuna gari la kunyonya. Masharti yake ni maji ya ardhini yawe mbali chini na kisima kiwe mbali, kwa hiyo watu wa mabondeni kule ambako ukichimba hatua mbili unakuta maji, hii haiwafai, tena kule mvua zikianza kuna wanaotapisha vyoo mitaroni na kila mtu anajua kinachofuata.

Kuna na kutia chokaa, tope linachanganywa na chokaa mpaka pH inapanda sana, vijidudu vinakufa haraka. Nitrojeni nyingi inapotea, lakini kama udongo wako una tindikali, kama sehemu nyingi za Nyanda za Juu Kusini au kule kwenye chai Kericho, chokaa yenyewe inakusaidia. Ukiwa na udongo wenye magadi tayari usiiguse.

Tope la mtaani na tope la viwandani

Hapa mambo yanageuka kidogo. Kwenye minyoo tope la vyoo vya majumbani ndilo baya, lakini kwenye kemikali ndilo zuri. Mfumo wa mabomba unaopita kwenye viwanda unakusanya kila kitu, ngozi, rangi, betri, gereji, na risasi, kadimiamu na kromiamu zinakwenda kukaa kwenye tope. Joto la mboji halifanyi chochote kwa kadimiamu, muda nao haufanyi chochote, na ukishaiweka shambani huitoi tena. Ulaya wana sheria ya viwango vya metali kwenye tope la kwenda mashambani tangu 1986, na Uswisi wamepiga marufuku kabisa kulitumia shambani. Marekani, ambako jiji la Milwaukee linauza mbolea ya tope inayoitwa Milorganite tangu 1926, jimbo la Maine lilipiga marufuku kumwaga tope mashambani mwaka 2022 kwa sababu ya kemikali za PFAS, zile zisizooza, zilizokutwa kwenye udongo na visima vya wakulima waliopokea tope miaka mingi wakiamini wanasaidiwa. Inauma kusoma habari za mfugaji aliyelazimika kumwaga maziwa yake kwa kitu alichowekewa shambani kama msaada.

Kwa hiyo tope likiwa la mji wenye viwanda, omba karatasi ya vipimo vya metali, sio maneno. Kwa Tanzania udongo na mbolea unaweza kupimisha kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kule Tanga au maabara ya SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, na Kenya kuna KALRO, shirika lao la utafiti wa kilimo na mifugo. Na mbolea inayouzwa kibiashara Tanzania inatakiwa iwe imesajiliwa na TFRA, mamlaka ya kudhibiti mbolea, gunia lisilo na jina wala namba lisikufike shambani.

Kabla sijasahau, wakulima wa kuuza nje. Kama uko kwenye GlobalGAP, ule utaratibu wa viwango vya mazao ya kuuza nje, na maharage machanga au parachichi, tope la majitaka ya binadamu haliruhusiwi shambani, hata likiwa limesafishwa, na kilimo hai cha Ulaya na cha Marekani nacho hakiliruhusu. Usiweke hata gunia moja "kujaribu", mkaguzi akiuliza rekodi za mbolea utapoteza soko zima la kikundi. Wewe baki na samadi ya ng'ombe.

Kwa hiyo nani achukue ipi

Mwenye migomba, michikichi, miti ya mbao, majani ya ng'ombe au minazi, na yuko karibu na mtambo, achukue tope kavu, na alifukie kwenye mashimo kabla ya kupanda. Mwenye mahindi vilevile anaweza, kwa sababu gunzi liko juu na haligusi udongo, ila liwekwe wakati wa kulima, lifukiwe, na wafanyakazi wavae buti. Majani ya ng'ombe usikate mapema, acha angalau mwezi baada ya kuweka.

Mwenye mboga za majani, nyanya, karoti, vitunguu, hapa mi sina mjadala, ni mboji iliyochemka na kugeuzwa au hakuna. Wamarekani kwa tope ambalo halijapikwa sawasawa wanataka usubiri miezi 14 kabla ya kuvuna zao linalogusa udongo, na kwa mazao ya chini kama karoti na viazi inaweza kufika miezi 38. Fikiria mtu wa matuta ya mchicha anayevuna kila wiki tatu, atasubirije miezi 14? Na mchicha huo unaliwa na watoto wa mtaa mzima.

Familia ya kijijini yenye eneo, choo cha kupanda mti. Familia ya pembezoni mwa mji yenye bustani ndogo na maji ya shida, ikosani yenye vyumba viwili, mkojo uende kwenye mahindi na matembele kwa utaratibu wa ule mwezi mmoja kabla ya kuvuna, na kinyesi kilichokaa mwaka kiende kwenye miti ya matunda. Kikundi cha vijana karibu na soko na karibu na mahali magari ya kunyonya yanaposhusha, mboji, tena waombe makubaliano na mamlaka ya maji ili wapate tope kihalali, na wapeleke sampuli maabara kabla ya kuuza gunia la kwanza. Mfugaji wa kuku mwenye mtaji, funza, kwa taka za sokoni.

Ukienda kununua, muulize muuzaji tope limetoka wapi, vyoo vya majumbani au bomba lenye viwanda. Lilichanganywa na nini. Lilifika joto gani na kwa siku ngapi, na nani aliandika hizo rekodi. Liligeuzwa mara ngapi. Limekaa muda gani tangu liache kupokea tope jipya, maana kuna watu wanaongeza tope bichi juu ya la zamani halafu wanahesabu umri wa lile la chini. Akikosa majibu ya joto na ya muda, basi lichukulie kama bichi, kama bado unalitaka lipeleke kwenye mashimo ya migomba, fukia sentimita 30 za udongo juu, panda, na matuta ya mboga yawe upande wa juu wa mteremko ili mvua ikija isisombe kitu kutoka kwenye migomba kwenda kwenye mchicha.